Taa ya Hajira

Kwa mara ya pili uso wa Hajira ukatoka kama andazi lililosahaulika kwenye mafuta.

Fundi Ngolo akainua kile kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo. Akakipuliza kuondoa moshi, akakigeuza huku na huku, kana kwamba upande wa pili mtoto angependeza zaidi. Kisha akakitupa chini ya meza, juu ya kile cha kwanza kilichoharibika.

"Usinitazame hivyo, dada. Leza inachoma inachokiona. Imeona ukungu, imechoma ukungu."

Zena hakucheka. Alitoka Kisarawe alfajiri mpaka hapa Maili Moja, na kwenye mkoba alikuwa na kitu kimoja tu cha maana: picha ya mwanawe akiwa na miezi minane, iliyopigwa kwa simu ya bei chee na mtu aliyekuwa na haraka zake. Macho mawili, kicheko cha fizi tupu, kwingine kote giza. Nyingine hakuwa nayo. Nyingine zilikwenda na maji ya mafuriko miaka sita iliyopita, pamoja na nyumba, na godoro, na Hajira mwenyewe juu ya godoro.

Mwaka huu angeanza darasa la kwanza.

"Na hamkupata kitu?" Ngolo aliuliza.

"Blanketi. Wafugaji waliokuwa kule bondeni walitusaidia kutafuta, halafu nao wakahama na ng'ombe wao." Zena akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Kesho baada ya swala ya Ijumaa ni khitma. Mume wangu anasema tumsomee mtoto, yaishe. Ukoo umeshaalikwa, mbuzi ameshachaguliwa."

"Wazaramo nyie! Maiti hamjaiona, pilau mmeshaliona."

Mwingine angekula kofi. Lakini Msukuma kwa Mzaramo ni mtani, na neno la mtani unalimeza hata likiwa na miiba. Zena akalimeza. Likashuka na machozi.

"Kila usiku namwashia taa chumbani, mtani. Wananiona nimechanganyikiwa. Wakishamsomea watanizimia taa hiyo, na siku nikikubali izimwe, basi nimemzika mimi, kwa mkono wangu. Hii taa ya sura yake unayotengeneza nataka niiweke katikati ya jamvi, waikute inawaka."

"Ndiyo wataahirisha?"

"Sijui. Lakini sidhani kama watathubutu kumsomea mtu anayewatazama usoni."

Ngolo akakuna kichwa. Asubuhi alimpokea na mdomo kama redio ya kinyozi, akamsimulia mpaka jinsi alivyoacha fimbo ya ng'ombe kule mabondeni akashika leza. Tangu aliposikia habari ya godoro, redio ilikuwa imeishiwa betri. Simu yake ikaita. Akaikata.

"Binti yangu. Anadai chipsi. Angekuwa mkusanya kodi huyo, nchi hii isingekopa."

"Mungu akukuzie."

"Amina," akasema, akaifudikiza simu mezani. "Dada, rudi nyumbani. Picha haifai."

"Mchore kwa mkono."

"Nitakosea."

"Kosea! Fuata macho, kwingine malizia wewe. Bora afanane kidogo kuliko kurudi na moshi. Fundi, nakushika miguu."

Na akaishika kweli, pale pale sakafuni, katikati ya vumbi la plastiki. Wateja wawili waliokuwa wanakuja kuulizia bei ya vikombe wakasoma hali ya hewa, wakapita moja kwa moja.

Ngolo akamwinua haraka kama sakafu inawaka moto. "Basi, basi. Kaa."

Akaiweka picha kando ya kompyuta, akaanza kuvuta mistari. Macho aliyafuata. Baada ya macho hakuitazama picha tena. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa mama anayetia chumvi kwenye mboga aliyoipika maisha yake yote. Zena alitamani kuchungulia, akaogopa. Akageukia ukuta akasoma dua alizozijua, na zilipokwisha akaanza upya.

Mashine ikanguruma. Chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Katikati ya kazi umeme ukapepesa, na wote wawili wakabaki midomo wazi kama vifaranga, mpaka ukatulia.

Ngolo akabandua karatasi ya juu, akapangusa kwa kitambaa. Mtu hakuonekana, ni mikwaruzo myeupe tu. Ndivyo zilivyo taa hizi. Mchoro hulala mpaka mwanga uingilie ukingoni kwa chini, hapo unaamka wote kwa mpigo. Akakisimamisha kipande kwenye kitako chake chenye vitaa, akashusha pazia la mlango.

"Nimejitahidi tu, dada. Usitegemee makubwa."

Akabonyeza.

Mtoto akawaka. Macho yalikuwa yaleyale, na juu yake nyusi za Zena mwenyewe, zile zinazokaribia kushikana. Lakini shingo ilikuwa imerefuka. Nywele zilifungwa mabutu mawili. Na kicheko kilikuwa kimejaa meno, yamejipanga vizuri, isipokuwa pengo moja mbele.

Ngolo mwenyewe alishtuka, kama naye ndiyo kwanza anaiona. Mkono wake ukarukia swichi. Zena akauwahi, akaukamata.

"Mtani," akasema polepole, macho hayabanduki kwenye taa, "huyu mwanangu jino limemng'oka lini?"