Ukuta wa Fundi Cherehani

"Mita tatu na sentimita nane!" alitangaza Mzee Kanuni kutoka juu ya stuli, utepe wa kupimia ukining'inia mkononi. Ilikuwa mara ya nne wiki ile kuupima ukuta wa jirani yake. Labda alidhani unakua.

Fundi cherehani hakuinua kichwa. Alikuwa akikunja upindo wa gauni. "Jana ulisema sita, mzee. Au unaumwagilia?"

"Cheka tu. Huu ni mtaa wa kale, uko chini ya hifadhi. Kisichokuwepo zamani hakijengwi leo. Matofali yako hayajamaliza hata miezi mitatu!"

Hapo alisema kweli. Katika mtaa ule hata bawaba ya dirisha ilibadilishwa kwa barua ya kibali. Na Mzee Kanuni, karani mstaafu, alikuwa ameipenda historia ghafla, mwezi uleule ukuta ulipopanda. Kabla ya hapo mapenzi yake yalikuwa kunywa chai kwenye roshani yake ya ghorofani, kila asubuhi, vikombe vitatu, uso ukielekea ua wa fundi.

Uani ndiko wateja walikojaribia nguo. Chumba cha fundi kilijaa cherehani, meza ya kukatia na majora ya vitambaa. Ukiinua mikono unaangusha pasi. Basi macho hayana pazia, mzee wa watu angefanyaje? Wateja wakapungua mmoja mmoja. Bibi harusi mmoja alilichukua gauni lake likiwa bado na pini. Fundi akaona kazi inamfia mikononi, akajenga. Wateja wakarudi kujaribu nguo zao kando ya ukuta, na chai ya jirani ikapoteza ladha.

Roshani yenyewe, kama alivyomsimulia kila mgeni, ilichongwa na babu yake. Mbao nyeusi, nakshi za maua. Siku za jua kali ilinukia vanishi kidogo, lakini nani amuulize mtu harufu ya babu yake?

Barua zake kwa ofisi ya hifadhi zilifika saba. Kilichokosekana ni ushahidi. Akauzunguka mtaa mzima akiomba picha ya zamani ya uchochoro ule, nyumba hadi nyumba, isipokuwa moja.

Mungu hamtupi mja wake. Asubuhi moja alikuta bahasha imepenyezwa chini ya mlango, mdomo wake umeshonwa kwa uzi wa bluu, mshono mdogomdogo wa kupendeza. Ndani, picha: harusi ya miaka hiyo, watu wamesimama kwa mistari, nyuma yao nyumba zote mbili hadi paa, na katikati ya nyumba uwazi mtupu. Hakuna ukuta! Mzee aliibusu picha, akauzungushia uwazi ule wino mwekundu. Aliyemtendea wema hakumtafuta. Ana muda gani?

Mkaguzi alikuja Jumatano, msichana wa miwani na viatu vya vumbi. Majirani wote walijitokeza kufagia, hata wasio na ufagio.

"Tazama, mwanangu," alisema Mzee Kanuni. "Picha haidanganyi. Kilichomo kibaki, kisichomo kiondoke. Si ndiyo sheria?"

"Ndiyo sheria, baba. Unathibitisha picha hii ni ya hapa?"

"Lete kalamu!"

Aliweka sahihi yake ya ukarani, ile yenye mkia mrefu. Mkaguzi akamgeukia fundi, aliyekuwa kizingitini na gauni la mtu mapajani.

"Mama, pole. Ukuta haumo. Utabomolewa. Una pingamizi?"

"Sina, mwanangu."

Majirani waliguna. Walitarajia walau tusi moja. Mzee Kanuni alitabasamu kwa meno yote aliyobakiwa nayo.

Mkaguzi akaitazama tena picha, akainua macho taratibu, kutoka kwenye ukuta hadi ghorofani.

"Na hii roshani, baba? Mbona nayo haimo?"

Fagio zote zilisimama.

"Ukuta wangu bomoeni hata leo," fundi alisema, akaukata kwa meno uzi wake wa bluu. "Roshani ikishashuka, wa nini tena?"