Baridi Ndani ya Injini

Mnunuzi alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, injini inanguruma, pale fundi aliyekuwa ameinamia boneti aliposema, "Subirini kwanza."

Apolonia hakugeuka. Hakutaka kuiona tena pikapu iliyombebea ufuta kutoka Likawage miaka yote hii. Kila fundi aliyeuona moshi mweusi iliokuwa ikiutoa alimwambia injini imekufa, na asubuhi hii alikubali kwa mdomo kuiuza iwe chuma chakavu.

"Mama, njoo uone."

Mashine ya kupimia aliyoichomeka kwenye gari ilionyesha kuwa hewa inayoingia kwenye injini ina nyuzi arobaini chini ya sifuri. Nao walikuwa wamesimama kwenye jua la Kilwa, saa saba mchana, jasho linawatiririka.

"Baridi yote hiyo imetoka wapi?"

"Haipo, mama. Sensa, kile kifaa kinachopima joto la hewa, ndiyo inayodanganya. Gari linadhani liko kwenye barafu, basi linajimiminia petroli tu."

Akaufuata waya wa sensa kwa kidole hadi nyuma ya chujio la hewa. Ulikuwa umekatika, ncha zimetafunwa. Kando yake palikuwa na kiota cha matambara, na ndani yake punje za ufuta.

"Panya!" Apolonia akashika kiuno. "Kumbe nilimpakia mwenyewe na magunia!"

Fundi akaziunganisha zile ncha. Namba ikaruka hadi thelathini na nne, injini ikatulia, moshi ukakatika.

Apolonia akafungua mlango wa dereva, mnunuzi bado ameshika usukani.

"Haya, mwanangu. Shuka."