Tone Jekundu Juu ya Nati

Jilala aliinua upande wa kulia wa gari kwa jeki. Mashine ya kupimia aliyoichomeka kwenye gari ikasema gari limeinamia kulia, badala ya kushoto.

Akafunua zulia. Sensa inayohisi gari likiyumba kwenye kona na kuziamuru breki zishike ilikuwa imefungwa kinyume, mshale wake ukitazama nyuma.

"Siku ya ajali, marehemu mume wangu alinipigia akasema kwenye kona breki zinajikamata zenyewe," alisema mjane aliyelileta gari. "Nimekuletea wewe, fundi. Hakumwamini mwingine."

Jilala aliitazama nati iliyoishika sensa. Ilikuwa na tone la rangi nyekundu ya kucha. Katika mji mzima wa Kagongwa, ni yeye Jilala tu anayetia alama hiyo kwenye nati aliyokwisha kuikaza.

"Umeona nini, fundi?"

Jilala akaanza kuikwangua rangi ile kwa ukucha.