Mfuko Ulioshonwa

Wahudumu wote wa mkahawa ule walivaa aproni zilizoshonwa midomo ya mifuko. Mwenye mkahawa, Bwana Sengo, alizishona mwenyewe kwa uzi mweusi, ili bakshishi yote ya wateja iingie kwenye sanduku lake pale kaunta. Mwisho wa mwezi alilifungua, akawagawia hela zile zile, akaziita mshahara.

Mchana huo mzee mmoja alimaliza supu yake, akambandika mhudumu wake, Mwasiti, noti kiganjani.

"Hii ya kwako, mwanangu. Si ya bosi."

"Sanduku liko huku!" Bwana Sengo alifoka kutoka kaunta.

Mwasiti aliitazama ile noti. Miaka mitatu amebeba sahani za moto na kutukanwa kwa chumvi iliyotiwa na mpishi, na bosi hajawahi kumlipa hata senti ya mfukoni mwake!

"Nishikie kidogo, mzee," alisema, akamrudishia ile noti. Kisha akachukua kisu mezani, akaanza kuufumua mfuko wa aproni mbele ya wateja.

"Una wazimu wewe? Nitakufukuza kazi!"

"Kazi ipi, bosi? Wewe umeniajiri lini? Walioniajiri ni hawa wanaokula."

Uzi wa mwisho ulikatika, na mfuko ukafunguka, kitambaa cha ndani bado kipya, hakijawahi kuguswa na mkono. Mwasiti alipoinua macho, kwenye meza ya dirishani mhudumu mwenzake alikuwa ameshatua sinia, anatafuta kisu.