Nyumba Isiyoliliwa

Kila nyumba iliyompokea mtoto aliyevuka mpaka peke yake ilifungwa ukutani chombo cha kusikiliza, ambacho watu walikiita sikio. Mtoto akisikika analia, sheria ilihesabu kwamba anateswa, na gari lilikuja kumhamishia kwa mlezi mwingine kabla chakula hakijapoa.

Sifa, binti wa miaka tisa kutoka ng'ambo ya ziwa, alihamishwa nyumba baada ya nyumba, mpaka Yusta, afisa ustawi aliyesimamia shauri lake, alipompata Vumilia, mama mdogo wa damu wa mtoto huyo, pale Kigoma. Siku ile Yusta alipiga vigelegele njia nzima. Leo alirudi na habari nzito: mama wa mtoto ameonekana, lakini si hai.

"Tukamwambie nje," alinong'ona.

"Hata uani wameweka sikio, dada," alijibu Vumilia, macho yamemwiva.

Basi wakamketisha Sifa jikoni, Yusta akamshika mikono na kumwambia polepole. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akainua macho kuutazama ukuta.

"Asante kwa kuniambia, mama Yusta," alisema, akatabasamu. Kifua chake kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka mbio.

Nyuma yake Vumilia alikuwa amejiziba kinywa kwa kanga, na kwikwi zikimponyoka. Sifa akamwendea, akaibana kanga ile kwa viganja vyake vyote viwili.

"Mama mdogo, nakuomba usilie," alimnong'oneza. "Watadhani ni mimi."