Uponyaji wa Lengelenge

Saa nne asubuhi, panya mkubwa kama mbuzi alimng'ata kaka yangu pajani, hatua kumi ndani ya pango. Ilikuwa kazi yetu ya kwanza ya kulipwa: kuua panya wa pango hilo.

Panya nilimuua kwa rungu. Damu ya kaka haikukoma.

"Bibi mganga, kazi kwako," alisema akijaribu kucheka. "Au mpaka nikuandikie barua?"

Mganga anayeanza ana uponyaji mmoja tu wa kimiujiza kwa siku. Wangu niliutumia alfajiri kwenye lengelenge la kisigino chake, asije akachechemea mbele za watu.

Nilimfunga jeraha kwa mkanda wa begi. Fundo lilifunguka mara mbili.

Gizani, makucha mengi yalianza kukwaruza mawe.

"Mbona huniponyi, mdogo wangu?"

Nilimwambia.

Akaninyang'anya rungu, akaketi katikati ya njia, kati yangu na makucha yale, akaupa mlango wa pango mgongo.