Pombe ya Maganga

Siku hizi sheria ni moja: kijana akinywa, anayelewa ni mzazi wake. Vifaa walivyopandikizwa shingoni, mzazi na mtoto, havikosei. Basi Maganga alipokuwa akipiga gongo kijiweni, mama yake, Nyamizi, alipepesuka jikoni mpaka akaunguza mkono kwenye sufuria ya ugali.

"Nilikunyonyesha maziwa," alimfokea aliporudi, "nawe unaninywesha gongo."

Maganga alilia, akaapa kuacha, na kweli akaacha.

Wiki haikuisha, arosto, ile kiu ya mlevi aliyekosa pombe, ikamshika Nyamizi. Mikono ilimtetemeka hata akashindwa kukanda unga wa chapati. Alimtazama mwanawe akiosha vyombo huku akipiga mluzi.

"Umejifungia ndani kama mwali," alisema, akimsukumia viatu. "Wenzako hawakungoji kijiweni?"